Taa ya karabai na moto wa ufukweni

Ndugu msomaji, kila mwaka, Jumapili ya pili ya mwezi Julai, Kanisa huwakumbuka watu wa bahari: mabaharia wa meli, wavuvi, na familia zao zinazobaki nchi kavu zikisubiri. Utume huu wa kuwahudumia unaitwa Stella Maris, yaani Nyota ya Bahari, na ulianzia Glasgow, Scotland, mwaka 1920. Katika parokia nyingi za bara siku hii hupita bila kutajwa. Sisi tunaoishi ukanda wa pwani, kutoka Tanga hadi Mtwara, hatuna udhuru huo. Kitoweo chetu kinatoka baharini, na baadhi ya waliotoka kukitafuta hawakurudi.

Leo naomba tutafakari jambo moja tu katika kazi ya wavuvi, nalo ni taa. Simama ufukweni usiku usio na mwezi, Bagamoyo, Kilwa Kivinje au ng'ambo kule Unguja, utaona taa zimejipanga juu ya maji hata mgeni akadhani kuna mji mwingine huko. Hao ni wavuvi wa dagaa. Na palipo na gati lenye taa za umeme, utawakuta watu wameketi ukingoni na mishipi yao, macho yakiwa kwenye lile duara la mwanga linalocheza juu ya maji. Wote wanatumia siri moja: samaki hufuata mwanga.

Katika siri hiyo naona funzo linalotuhusu sote, hata asiyewahi kukanyaga mashua. Si kila mwanga unaokuvuta unakutakia mema. Na kila aliyeshika taa, awe mzazi, mwalimu, kiongozi au padri, ataulizwa aliwafanyia nini wale waliokuja kwake.

Mwanga unavyovua

Kwa miaka mingi taa ya wavuvi wetu ilikuwa karabai, ile taa ya mafuta inayopigwa pampu mpaka iwake nyeupe na kuvuma. Siku hizi wengi wamehamia kwenye taa za betri na za umeme wa jua, wengine huendesha taa zao kwa jenereta. Chombo kimebadilika, siri ni ile ile.

Usiku viumbe wadogo mno wa baharini, wengi wao wasioonekana kwa macho, hupanda kutoka kilindini kuja juu kutafuta chakula, na alfajiri hushuka tena. Wataalamu wa bahari husema huo ndio uhamaji mkubwa kuliko wote wa wanyama duniani, nao hutokea kila usiku huku sisi tumelala. Taa ikiwashwa, baadhi yao hukusanyika penye mwanga. Dagaa huwafuata, kwa kuwa hapo pana chakula na pana nuru ya kukiona. Ngisi na kolekole nao huwafuata dagaa. Baada ya saa chache chini ya taa moja pamejaa kama soko la asubuhi.

Mvuvi mzoefu hana haraka. Huiacha taa itulie, akisoma maji kwa mapovu na kwa mng'ao wa magamba. Kundi likishakuwa kubwa, baadhi ya taa huzimwa au hupunguzwa polepole, samaki wasogee pamoja chini ya taa iliyobaki. Ndipo wavu huzungushwa na kufungwa kutoka chini. Aliyekuja kula ameliwa.

Kazi hii ina kalenda yake. Huvuliwa kipindi cha giza. Mwezi unapokuwa mpevu wavuvi wengi wa dagaa hukaa nchi kavu, wakashona nyavu, wakaziba mashua, wakalala usiku na wake zao kama watu wengine. Sababu ni rahisi: bahari nzima ikiwa na mwanga, taa ya mtu mmoja haina mvuto. Naomba ulishike hilo, msomaji, maana tutalirudia. Karabai hupata nguvu yake kutoka kwenye giza linaloizunguka.

Sisemi kwamba kuvua kwa taa ni dhambi. Dagaa wanaovuliwa hivyo ndio nyama ya maskini. Asubuhi akina mama huwachemsha kwa maji ya chumvi, huwaanika juani, na wafanyabiashara huwasafirisha bara; dagaa wa Unguja hufika hata masoko ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Karo za watoto wengi zimetoka kwenye duara lile la mwanga. Mungu aliyewapa samaki kupenda nuru ndiye aliyempa mwanadamu akili ya kulitambua hilo. Lakini akili ni amana, na amana ina masharti.

Wanaosubiri kivulini

Turudi kwenye gati. Mtu asiyejua hutupa ndoana yake katikati kabisa ya mwanga, mahali anapoona samaki wengi wakirukaruka, na mara nyingi huambulia vidagaa. Wazoefu hutupa pembeni, pale mwanga unapokutana na giza. Samaki mkubwa hasimami penye nuru. Husimama kwenye kivuli cha nguzo za gati, kichwa kikielekea mkondo wa maji, akiwatazama wadogo wanaocheza kwenye mwanga. Yeye anawaona, wao hawamwoni. Mmoja akijisahau na kusogea ukingoni, kazi imekwisha.

Jambo hili linajulikana sana katika pwani za joto duniani. Kule Florida, Marekani, nyumba nyingi zilizojengwa kando ya mifereji na ghuba zina magati madogo yenye taa, na watu hutoka usiku kuvua samaki aitwaye snook, ambaye ni bingwa wa kuvizia kivulini. Mvuvi wa kule husimama juu ya mkondo na kuacha chambo chake kibebwe na maji kutoka kwenye mwanga kuingia gizani, maana huko ndiko mdomo ulipo.

Nawataja hao kwa sababu nyingine pia. Sheria ya huko humruhusu mvuvi kuchukua snook mmoja tu kwa siku, tena aliye ndani ya kipimo kilichowekwa. Mdogo hurudishwa majini akue. Mkubwa sana naye hurudishwa, kwa kuwa samaki hao huanza maisha wakiwa madume na baadaye hugeuka majike. Wale wakubwa ndio mama wanaotaga. Na kuna miezi ambayo hairuhusiwi kumchukua hata mmoja. Mtu anamnasa samaki wa kujivunia, anamtazama chini ya taa, kisha anamwachia aende.

Najua msomaji wangu wa Feri au Kilwa atakavyojibu: hao wanavua kwa starehe, wameshiba. Kweli kabisa. Ni rahisi kumrudisha samaki baharini kama nyumbani hakuna mtoto anayesubiri karo. Kwa hiyo sitamhubiria baharia mwenye njaa kana kwamba shida ni roho yake peke yake. Nitalifikia hilo. Kwanza tuitazame hali yetu sisi tulio nchi kavu, maana hata huku kuna taa nyingi zinazowaka usiku, na kuna wengi waliosimama kivulini.

Giza ndilo linaloipa taa nguvu

Kijana amemaliza kidato cha nne, hana kazi, hana mtaji. Simu yake inang'aa usiku wa manane. Humo anaona tangazo la kazi nchi za nje, mshahara mkubwa, tiketi ya bure, pasipoti watashughulikia wao. Wapo waliokwenda kwa njia halali wakafanya kazi na kurudi salama, na tunamshukuru Mungu. Wapo pia walionyang'anywa pasipoti siku waliyofika, wakafungiwa ndani ya nyumba za watu, wakafanyishwa kazi bila mapumziko wala mshahara. Aliyewasha taa hawakumwona. Waliuona mwanga.

Mama mjane ana genge dogo. Anahitaji fedha za haraka kumtibu mtoto. Kuna mkopo usiouliza maswali, unapatikana leo leo. Watu wenyewe wameupa jina: kausha damu. Jina hilo lingetosha kumfukuza mtu, lakini mtoto anapumua kwa shida na hakuna taa nyingine inayowaka karibu. Baada ya miezi michache godoro limechukuliwa, na jokofu nalo limechukuliwa.

Vijana wa bodaboda hukaa kijiweni wakibeti kwa simu. Taa ya mshindi mmoja inang'aa mtaa mzima, picha yake iko kila mahali. Wale mia waliokosa hawana picha.

Na tuseme ukweli bila kuoneana haya: kuna taa hata madhabahuni. Kuna mahubiri yenye mwanga mkali, vipaza sauti na ahadi za miujiza kwa tarehe na saa, ambayo kazi yake ni kuwakusanya wenye shida mahali pamoja, kisha wavu unazungushwa kwenye mifuko yao. Mgonjwa anaambiwa aache dawa. Maskini anaambiwa apande mbegu ya fedha. Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho kwamba Shetani mwenyewe anaweza kujigeuza aonekane malaika wa nuru (2 Kor 11:14). Alikuwa anawaandikia Wakristo, akiwazungumzia watu waliojiita mitume.

Tunapenda kuwacheka walionaswa. Tunasema wamezidi tamaa, hawana akili, walitaka vya bure. Hapo ndipo mvuvi wa dagaa anatusahihisha. Anajua kwamba samaki yule yule anayekimbilia karabai wakati wa giza, haisogelei usiku wa mbalamwezi. Samaki hajabadilika, kilichobadilika ni mwanga wa bahari nzima. Palipo na shule inayofundisha kweli, ofisi inayomweleza mwananchi haki zake kwa lugha anayoielewa, kikundi cha kuweka na kukopa kinachoaminika, jirani anayesikiliza na parokia inayomjua mjane wake kwa jina, taa ya tapeli hufifia yenyewe. Kumkemea dagaa hakujawahi kusaidia. Tuombe, na tufanye kazi, ili mwezi upande.

Karabai na mnara

Pwani yetu ina aina nyingine ya taa. Ni minara ya kuongozea vyombo, kama ule wa Ras Nungwi Unguja, wa Kigomasha Pemba, na wa Makatumbe nje ya bandari ya Dar es Salaam. Nahodha anaposafiri usiku, mnara humwonyesha alipo na humtahadharisha na mwamba. Taa ile haitaki aifuate. Akiifuata moja kwa moja, atavunja chombo chake juu ya miamba. Humwangazia ili apite salama kwenda anakokwenda, na akishapita haimdai chochote.

Hiki ndicho kipimo ninachopendekeza kwa kila anayetaka kuongoza watu. Je, nuru yako inawafanya watu waione njia yao, au inawafanya wakuzunguke wewe? Yohane Mbatizaji alikuwa taa iliyowaka na kuangaza; Bwana mwenyewe alimshuhudia hivyo (Yoh 5:35). Lakini wanafunzi wake wawili walipomsikia akimwelekeza Yesu, walimwacha wakamfuata Yesu, na Yohane hakununa. Mwalimu mwema hufurahi mwanafunzi asipomhitaji tena. Mzazi mwema humwandaa mtoto atoke. Mchungaji anayeumia moyo kila mwumini anapojifunza kufikiri ameshika karabai, hata kama anaiita mnara.

Kuna viumbe wanaotuonyesha madhara ya taa iliyowekwa mahali pasipofaa, bila hata nia mbaya. Kasa hutaga mayai mchangani katika fukwe zetu, Mafia na Kigamboni, na Watamu kwa jirani zetu wa Kenya. Watoto wao huanguliwa usiku na hujua kitu kimoja tu: kukimbilia upande wenye mwanga zaidi. Kwa maelfu ya miaka upande huo ulikuwa bahari, inayorudisha nuru ya anga. Sasa nyuma yao kuna hoteli na nyumba zenye taa kali, nao wengine huzigeukia, wakatambaa kuelekea barabarani badala ya majini. Asubuhi wamekauka, au wameliwa na kaa, ndege na mbwa. Mwenye hoteli hakuwa na ugomvi na kasa. Hakujiuliza tu taa yake inamulika wapi. Wazazi, mtoto mdogo hufuata kinachong'aa zaidi ndani ya nyumba. Kama kinachong'aa zaidi ni simu ya baba na hasira ya mama, huko ndiko atakakotambaa.

Mioto miwili ya Petro

Sasa twende Galilaya. Wavuvi wa ziwa lile nao walifanya kazi usiku, na wanaoijua kazi hiyo wanaeleza kwamba nyavu zao zilikuwa za nyuzi za kitani, ambazo mchana samaki huziona na kuzikwepa. Ndiyo maana katika Luka sura ya 5 Yesu anawakuta asubuhi wakiosha nyavu, wamechoka, mikono mitupu. Anamwomba Simoni chombo chake, anafundisha watu, kisha anamwambia ashushe nyavu mchana kweupe, saa ambayo mvuvi mwenye akili timamu angekuwa amelala. Simoni anatii. Samaki wanajaa hata nyavu zinaanza kukatika. Naye anaanguka magotini na kukiri kuwa ni mwenye dhambi.

Yesu anamjibu kwamba tangu sasa atavua watu. Tulifundishwa seminarini kulitazama neno la Kigiriki alilotumia Luka hapo. Maana yake ni kukamata kitu kikiwa hai, kukinasa ili kiishi. Neno hilo linabeba Injili nzima. Mvuvi wa dagaa hukusanya ili waliokusanywa wafe na yeye aishi. Mvuvi wa watu hukusanya ili waliokusanywa waishi, hata kama yeye mwenyewe itambidi afe. Kuanzia siku ile Petro alipaswa kuigeuza kazi yake juu chini.

Haikumjia kwa urahisi. Usiku wa mateso tunamkuta uani kwa kuhani mkuu, ameketi penye moto wa makaa. Kulikuwa na baridi, naye alivutwa na moto kama sisi sote tunavyovutwa na joto pale tunapoogopa. Luka anasimulia kwamba kijakazi alimtambua akiwa ameketi penye mwanga wa moto ule (Lk 22:56). Waliosimama kivulini walimwona. Mara tatu akamkana Bwana wake.

Yohane katika Injili yake anautaja moto wa makaa mara mbili tu. Wa kwanza ni huo wa uani. Wa pili ni wa ufukweni, sura ya 21, baada ya ufufuko. Petro na wenzake wamevua tena usiku kucha, tena bila kitu. Kunapambazuka. Mtu amesimama pwani, hawamtambui. Anawaelekeza watupe wavu upande wa kuume, nao wanapata samaki wakubwa 153, na safari hii wavu haukatiki. Wanapofika nchi kavu wanakuta moto umewashwa, samaki wako juu yake, na mkate.

Huo nao ni mwanga uliowashwa kabla jua halijatoka, ukawavuta wavuvi waje. Lakini aliyeuwasha hakuwa na wavu nyuma yake. Alikuwa na kifungua kinywa. Alijua wamechoka, wana baridi, wana njaa na wana aibu. Akawalisha kwanza, na hata akawaomba walete samaki kidogo katika wale waliowavua wao, kusudi wasijione ombaomba mezani pake. Ndipo, baada ya kula, akamwuliza Petro swali la upendo mara tatu, akimponya palepale penye makaa alipojeruhiwa.

Ukitaka kujua kama mwanga unaokuita ni wa Kristo, angalia kuna nini kando ya moto. Ukikuta mkate, karibia. Ukikuta wavu, rudi nyuma.

Wenye taa mikononi

Nimalizie na wavuvi wenyewe, maana ingekuwa vibaya kuitumia kazi yao kama mfano kisha nikawaacha na shida zao.

Taa kali na nyavu za matundu madogo kupita kiasi hukusanya kila kitu: dagaa waliokomaa, na pia vifaranga vya samaki ambao wangekuwa vibua na kolekole wa mwakani. Katika mfano wa juya, Mathayo sura ya 13, wavuvi walipofika pwani waliketi, wakachagua. Neno hilo waliketi nalipenda. Kuchagua kunataka muda. Baharia anayetakiwa kuwahi mnada, mwenye deni kwa tajiri wa chombo, hana muda wa kuketi. Papa Fransisko katika waraka wake Laudato Si', wa mwaka 2015, alitaja wazi uvuvi usio na mipaka na viumbe wanaovuliwa kisha kutupwa, na katika waraka huo huo akakataa kukitenganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Tukiwahurumia samaki huku tukimsahau baharia, hatujausoma.

Mara nyingi mgao huwa hivi: zinatolewa gharama za mafuta na chakula, kisha chombo, nyavu na mashine hupata sehemu zao, na kinachobaki ndicho mabaharia hugawana. Usiku mbaya ukija, hasara huanza kwao. Wengi hutoka bila jaketi la kuokolea, katika msimu huu wa kusi, kwenye njia zinazopitwa na meli kubwa. Ndugu yangu tajiri wa chombo, wewe unayeketi kanisani kiti cha mbele, jaketi moja ni ghali kuliko mazishi ya baharia wako? Na mgao wako, ungekubali usomwe hadharani siku ya Jumapili?

Wavuvi nao wana hoja nzito ambayo nimeisikia mara nyingi: Padri, mimi nikimwacha samaki mdogo, jirani yangu atamchukua. Ni kweli, na ndiyo maana jambo hili halimalizwi na dhamiri ya mtu mmoja. Linataka makubaliano. Tunayo mifano. Kisiwa Panza, Pemba, wananchi wenyewe wameshafunga sehemu ya bahari yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wakaifungua pamoja. Mwaka 2024 nchi nne zinazozunguka Ziwa Tanganyika, ambako nako dagaa huvuliwa kwa taa, zilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei. Watu walilalamika, na njaa ya miezi hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini kufunga maji bila kumwandalia mvuvi chakula cha kipindi hicho ni kuwasha taa nyingine isiyo na mkate pembeni. Serikali, halmashauri, na sisi wa makanisa na misikiti ya pwani tuna kazi ya kufanya hapo: ghala la pamoja, mfuko wa akiba, mkopo wa haki.

Parokia za pwani zianze na kidogo. Zijue mabaharia wake ni akina nani. Usiku wa giza, Rozari isali kwa majina yao. Zipange katekesi na mikutano yao siku za mbalamwezi, wakiwa nchi kavu, maana mikutano tunayoiweka kwa kalenda ya watu wa ofisini ndiyo inayowafanya waonekane wazembe wa sala. Na pale baharia anapopotea baharini, mjane wake asilazimike kutafuta mkopo kausha damu ili afanye matanga.

Ndugu msomaji, wiki hii jiulize maswali mawili. Ni mwanga gani unaokuvuta, na nani amesimama kivulini mwake? Kisha jiulize la pili, lililo gumu zaidi: wanaovutwa na mwanga wako, mtoto wako, mfanyakazi wako, mwanafunzi wako, mwumini wako, wakifika kwako wanakuta nini kando ya moto?

Bwana Yesu, uliyewasha makaa kwa ajili ya watu waliochoka, walinde walioko baharini usiku huu, uwarudishe salama kwa wanaowasubiri, na uwapumzishe kwa amani wale ambao bahari haikuwarudisha. Amina.

Nawatakia Dominika njema.